SOMO LA KARAKANA: SHIDA ZA PAIPU NA DAWA YAKE

Vikundi vingi vya kujisaidia hutengeneza madawati, vitanda, mageti na keria za baiskeli kwa paipu za chuma. Ni kazi nzuri. Lakini paipu moja ikiharibika, faida ya dawati zima imekwenda. Tunawaomba msome somo hili pamoja mkiwa karakanani, paipu mkononi, siyo ofisini tu.

1. Paipu hazitoshi

Paipu huuzwa kwa urefu wa mita 6. Kabla msumeno haujagusa chuma, andikeni vipande vyote vya oda. Tuseme mnataka vipande vya mita 1.10. Paipu moja itatoa vitano na kubakisha karibu sentimita 50. Je, kuna vipande vya sentimita 45 katika oda hiyo? Basi vitoke kwenye mabaki hayo. Fundi anayekata virefu leo, na kesho anafungua paipu mpya kwa ajili ya vifupi, anatupa pesa za kikundi.

Kumbukeni pia kona. Kona ya mraba yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 hula karibu sentimita 16 za paipu, siyo 20. Ukipima kana kwamba kona ni kali, kila kona itakuzidishia sentimita 4.

Ili kukata bila mshazari, zungusha karatasi yenye ukingo ulionyooka kwenye paipu mpaka kingo zikutane sawasawa. Chora kwa chaki, kisha ukate ukiizungusha paipu kidogo kidogo.

2. Paipu inabonyea ikipindwa

Upande wa nje wa kona huvutwa na wa ndani hubanwa. Kwa kuwa katikati ni tupu, paipu hulala bapa. Dawa ni mchanga.

Chekecheni mchanga laini, kisha mkaange kwenye karai mpaka usitoe mvuke hata kidogo. Zibeni mwisho mmoja kwa kijiti, mmimine mchanga kidogo kidogo huku mkigonga paipu mpaka usishuke tena. Zibeni mwisho wa pili. Pindeni polepole kwenye kigingi cha duara, na nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya unene wa paipu.

Kama mtaipasha moto, hakikisheni vijiti vina tundu dogo la hewa, na mtu yeyote asisimame mbele ya miisho ya paipu. Mchanga wenye unyevu hugeuka mvuke, na mvuke hurusha kijiti kama risasi.

3. Chuma kinatoboka kikichomelewa

Mara nyingi kosa lilianza kwenye tupa. Mwanya ukiwa mkubwa, fundi hujaribu kuujaza, na moto unakula kingo. Paipu ikikutana na paipu nyingine, chongeni mwisho wake kwa tupa ya mgongo mpaka ukumbatie mwenzake na mwanga usipite. Kwa paipu nyembamba tumieni rodi ya milimita 2.5, mkianza na ampia 60 hivi. Jaribuni kwanza kwenye kipande cha mabaki. Choma kidogo, pumzika, choma tena.

4. Fremu inapinda

Chuma kikipoa hujikunja upande uliochomelewa. Kwa hiyo shikizeni kona zote nne kwa nukta ndogo kwanza. Pimeni kona kwa kona, kwa mshazari: vipimo viwili vikilingana, fremu ya mstatili iko sawa. Zikitofautiana, nyoosheni sasa, maana baadaye ni kazi ya nyundo na jasho. Halafu maliziani kwa kubadilisha pande, msichome upande mmoja wote mara moja.

5. Hatari mbili za kuangalia sana

Paipu za maji zenye rangi ya fedha zimepakwa zinki. Zikichomelewa hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta anaweza kushikwa jioni na homa, baridi na maumivu ya mwili, akadhani ni malaria. Wengine hunywa maziwa wakiamini yatawakinga. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi kuingia mapafuni. Ondoeni zinki kwa tupa kwenye sehemu ya kuungia, fanyeni kazi mahali pa wazi, na mkae upande upepo unakotoka. Paipu hizo msiziweke kabisa kwenye jiko la mkaa.

Pili, msichomelee paipu iliyozibwa pande zote. Hewa ya ndani ikipata moto hutafuta njia, na inaweza kupasua kiungo usoni pa fundi. Toboeni tundu la milimita 3 upande wa chini. Tundu hilo pia hutoa maji yanayoozesha geti kutoka ndani. Na paipu au pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli, msiliguse kwa moto, hata kama linaonekana kavu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika oda yetu ya mwisho, mabaki yalikwenda wapi? Nani aliyaandika?
2. Mchanga wetu unakaa wapi mvua ikinyesha?
3. Je, kila anayechomelea ana kinga ya macho yake mwenyewe, ama tunapokezana moja?

Mweka hazina na fundi wakae pamoja kwa swali la kwanza. Hapo ndipo mtaona faida iko wapi.