Kupiga Picha Mlimani: Kivuli Ndicho Saa Yetu



Wapenzi wanafunzi na wazazi, katika ziara yetu ya Lushoto tulitembea kwa miguu hadi Irente, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla na nyika ikaonekana chini kabisa. Tulirudi na picha nyingi, na nyingi hazikufaa: nyuso nyeusi, mbingu nyeupe kama karatasi. Katika somo hili tutaeleza sababu zake.

Kosa la kwanza lilikuwa wakati. Tulifika juu adhuhuri. Kwetu, karibu na ikweta, jua la mchana husimama utosini. Hutia kivuli machoni, na bonde lote huonekana bapa kama mkeka. Nanyi wanafunzi wa fiqhi mnajua tayari kupima kivuli. Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiacha kile kilichokuwapo jua lilipokuwa kati. Basi fimbo ileile itumieni kwa picha. Kivuli kikishalingana na fimbo, mwanga umeanza kulala na mikunjo ya milima inajitokeza. Kikifika kama mara nne ya fimbo, kwenye ardhi tambarare, imebaki takriban saa moja jua kuzama, na huo ndio mwanga wenye rangi ya asali. Lakini kwetu giza huingia upesi. Mwenye watoto wadogo ni heri aupate mwanga kama huo asubuhi, jua likiwa limetoka punde, ukungu ukimruhusu.

Kosa la pili ni kuelekeza kamera kwenye mwanga. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo katika karne ya 11, aliweka taa kadhaa mbele ya tundu dogo la mahali penye giza. Kila taa ilitia doa lake ukutani. Akifunika moja, doa lake peke yake lilitoweka. Kamera, hata ya simu, ni chumba hichohicho cha giza. Mbingu inayong'aa ikiingia kwa wingi, kamera hupunguza mwanga wote, na uso wa mwenzako ukawa mweusi. Geukeni, jua libaki ubavuni. Kama haiwezekani, gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, ipime mwanga wa hapo.

La tatu tunalisema kwa uzito. Mwanafunzi wetu mmoja alitaka kundi zima liingie katika picha, akawa anarudi kinyumenyume, macho kwenye kioo. Mwenzake alimdaka kanzu. Nyuma yake zilibaki hatua mbili za mwamba, na sisi walimu tulikuwa tumeinamia simu zetu. Tangu siku ile, anayetembea hapigi picha na anayepiga picha hatembei. Simama, tazama miguu yako, ndipo uinue kamera. Karibu na ukingo, kaa chini kabisa.

Na watu tunaokutana nao njiani si mandhari. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alikataa kupigwa picha. Tukamwambia ahsante, akatuonyesha njia ya kushukia.

Safari ijayo kila kundi lije na fimbo moja ya mita moja na kitambaa laini cha pamba, kwani ukungu wa Lushoto huacha unyevu kwenye lenzi, na wengi wetu tuliufuta kwa vidole vya mafuta ya maandazi.