SOMO LA KILIMO: KUTAYARISHA MBEGU ZA VIAZI ULAYA

Hapa kwetu Nyakatuntu wengi wetu twajua kuchagua chipukizi zuri la mgomba na mbegu safi ya maharagwe. Lakini viazi ulaya twavitendea vingine. Vikubwa huuzwa, vya kati hupikwa, na vile vidogo vilivyobaki ndivyo hungojeshwa mvua. Desturi hiyo hupunguza mavuno, kwa kuwa aghalabu kiazi kidogo ni mtoto wa shina gonjwa.

Yafaa kufahamu kwamba kiazi si mbegu kama punje ya mahindi. Ni sehemu ya shina iliyovimba chini ya ardhi. Kwa hiyo maradhi ya mama humfuata mtoto.

Maradhi ya kuogopwa sana ni mnyauko wa bakteria. Mmea hulegea ghafula ungali kijani. Huu si ule mnyauko wa migomba ulioingia Kagera katika miaka ya 2000. Vijidudu vyake ni vingine.

Jaribio. Kata kipande cha chini cha shina lililonyauka, ukining'inize katika gilasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya maji baada ya dakika chache, ugonjwa ndio huo. Usichukue mbegu katika shamba hilo.

Sasa tuifuate kazi kwa taratibu:

1. Viazi vinapotoa maua, tia vijiti kando ya mashina yenye afya. Wakati wa kuvuna, chimba hayo kwanza na uyaweke mbali na mengine.

2. Chagua viazi vyenye ukubwa wa yai la kuku, visivyo na jeraha wala kuoza.

3. Vitandaze juu ya kichanja, tabaka moja au mbili, mahali penye hewa na mwanga lakini pasipo jua kali wala mvua. Mwanga huleta machipukizi mafupi, manene na yenye nguvu. Gizani hutoka marefu, meupe na dhaifu.

4. Ngoja miezi miwili hadi mitatu, kwani kiazi kilichovunwa karibuni hulala kwanza. Mbegu ya mwezi Juni itakuwa tayari kwa mvua za Septemba.

5. Panda machipukizi yafikapo sentimita 1 hadi 2, yakitazama juu. Panda kiazi kizima. Kisu kikikata kigonjwa kisha kizima, chaweza kueneza maradhi katika mbegu zote.

Angalia: kiazi kilichogeuka kijani kwa mwanga kina sumu iitwayo solanini. Mbegu ikisalia, isipelekwe jikoni.

Usipande tena viazi mahali palipokuwa na viazi, nyanya au biringanya msimu uliopita, maana mazao hayo ni ya ukoo mmoja na huugua pamoja. Afadhali pawe palipandwa mahindi au maharagwe.

Hesabu. Bustani yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 3, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, yapata mistari 4 ya mashina 20, yaani mbegu 80. Ikiwa kila moja ina gramu 50, zatosha kilo 4. Basi, kuweka kilo 4 za viazi bora wakati wa mavuno si hasara; ndiyo mavuno yajayo yenyewe.

Maswali
1. Kwa nini kiazi hurithi maradhi ya mama yake?
2. Bustani ya mita 9 kwa 3 yahitaji kilo ngapi za mbegu?