Seleniamu Inapopaa Hewani

Mwaka huu siandiki juu ya ngeli. Nataka nijibu swali lililotushinda darasani: je, elementi kama seleniamu yaweza kutoka udongoni ikapaa kama mvuke wa chai? Mimi nilicheka. Nilipoingia maktaba, kicheko kikaisha.

Seleniamu iligunduliwa mwaka wa 1817 na Berzelius wa Uswidi, akaipa jina la mwezi kwa Kigiriki. Ni ndugu yake salfa. Mwili huihitaji kidogo sana. Ikizidi ni sumu.

Sasa sikilizeni ya Kesterson, jimbo la California, Marekani. Maji yaliyochujika kutoka mashamba ya umwagiliaji yalielekezwa kwenye mabwawa huko, kumbe yamebeba seleniamu ya udongoni. Mnamo 1983 wataalamu wakakuta makinda ya ndege wa majini hayana macho, mengine hayana miguu. Lo! Mwaka wa 1986 maji hayo yalizuiwa, lakini sumu ilikwisha kukaa udongoni. Itolewe vipi?

Hapo ndipo kuvu na bakteria wanapoingia. Wao huichukua seleniamu iliyoyeyuka majini, wakaifunga na vikundi viwili vya kaboni na haidrojeni. Kinachopatikana ni dimethili selenidi. Kioevu chake huchemka kwenye nyuzi 58 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hata kwa joto la kawaida huwa mvuke upesi. Harufu yake ni kama ya kitunguu saumu, na sumu yake ni hafifu mara mamia kuliko ile ya mwanzo. Basi watafiti walijaribu kuulima udongo, kuutia maji na kuwapa kuvu chakula, hata maganda ya machungwa (si mchezo!), na gesi ikazidi kutoka. Kabeji na brokoli nazo huitoa kupitia majani na mizizi.

Rafiki yangu alinipinga: "Si ni kumtupia jirani takataka tu?" Ana haki kuuliza. Hewani gesi hiyo hubadilika kwa muda wa saa chache, ikashikamana na vumbi, kisha mvua huirudisha chini. Lakini hutawanyika sana. Tena vijimea vidogo vya baharini huitoa kila siku, upepo ukaileta nchi kavu. Na kuna udongo unaoihitaji: huko Keshan, China, ambako seleniamu ni haba mno, watoto na akina mama walikufa kwa ugonjwa wa moyo.