Mishipa ya Damu na Uzee

Weka vidole vyako juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Utasikia mshipa ukipiga. Ukuta wake umefumwa kwa nyuzi zivutikazo kama mpira. Moyo usukumapo damu, mshipa hutanuka, kisha hujirudi na kuipeleka damu mbele. Kwa siku moja hufanya hivyo mara 100,000 hivi.

Nyuzi hizo mwili huzifanyiza hasa utotoni. Baadaye hauongezi ila chache mno. Miaka ipitapo, huchakaa na kukatika, na mahali pake huingia nyuzi nyingine, zenye nguvu lakini ngumu kama kano. Ndipo mshipa mkuu utokao moyoni hupanuka na kukakamaa. Msukumo wa damu huzidi, moyo hutaabika, na mishipa midogo ya ubongo na ya mafigo huweza kuumia.

Basi babu akipumzika njiani apandapo kilima, usimcheke. Nawe usivute tumbaku, usizidishe chumvi, wala usiuzoeze mwili uvivu. Maana nyuzi ulizo nazo leo ndizo utakazozeeka nazo.