Kurekebisha Hojaji za Afya ya Akili kwa Vijana wa Kabazi

Hojaji ya afya ya akili ni orodha ya maswali mafupi yenye alama, inayomsaidia mhudumu wa afya au mwalimu wa ushauri nasaha kumtambua mapema kijana anayefaa kuonwa na mtaalamu. PHQ-9, iliyochapishwa Marekani mwaka 2001, hupima sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumwondolea mtu hamu ya maisha. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi kwa kawaida hudai uchunguzi zaidi.

Kuitafsiri tu hakutoshi. Swali kuhusu umakini hutoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni, ilhali mtoto wa mkulima wa Kabazi, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, huenda akaliona tatizo hilo darasani, anaposhindwa kufuatilia somo. Swali kuhusu hamu ya kula, likiulizwa wakati ghala la mahindi ni tupu, laweza kupima njaa badala ya huzuni. Katika Solai jirani, ambako bwawa la Patel lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40, hofu inayomrudia kijana kila mvua kubwa inaponyesha yafaa isikilizwe pamoja na chanzo chake kabla ya kupewa alama.

Watafiti wa Nairobi walichapisha mwaka 2022 kazi ya kuirekebisha PHQ-9 kwa vijana wa miaka 10 hadi 19, wakitumia pia mahojiano ya uelewa, ambapo kijana hueleza kwa maneno yake anachodhani anaulizwa. Kabazi, ambako nyumba nyingi huzungumza Kikuyu au Kikalenjin, mahojiano hayo yanastahili kufanywa upya.

Swali la tisa ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linauliza kama mtu amewaza kufa au kujiumiza. Jaribio la kujiua lilikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, na hofu ya sheria hiyo bado yaweza kumfanya kijana afiche ukweli. Baadhi ya tafiti katika shule za sekondari nchini zimetumia PHQ-8, isiyo na swali hilo. Kuliondoa humwacha aliye hatarini bila kutambuliwa. Kuliuliza pasipo mtu wa kuchukua hatua siku hiyohiyo ni kosa kubwa zaidi. Liulizwe faraghani, kijana akiwa ameelezwa mapema ni lini siri italazimika kuvunjwa, na anayeuliza awe anajua atampeleka kwa nani. Simu ya watoto, 116, hupigwa bila malipo.