Mashine ya boti ya zamani: kuwaka ni jambo moja, kutegemeka ni jingine

Mjomba wangu alirithi mashine ya boti ya farasi 8 iliyolala stoo kwa miaka mingi. Ina umri kunizidi, na mimi nimeshavuka thelathini. Aliipangusa vumbi, akatia petroli, akavuta kamba mara nne, ikanguruma. Alasiri hiyo hiyo tukaifunga shetrini tukatoka Mokowe kuelekea Lamu, watu wanne na magunia mawili ya mkaa. Hatujafika nusu ya njia ikakohoa, ikafifia, ikazima. Maji yalikuwa yanapwa. Mkondo ukaanza kutuvuta upande wa Mlango wa Shela, ambako kusi ilikuwa ikiinua mawimbi, na ndani ya boti tulikuwa na kasia moja tu. Boti ya abiria iliyokuwa ikipita ilitutupia kamba. Tulipotafuta kosa gatini, tuliliona juu ya mfuniko wa tangi: skrubu ndogo ya hewa haikufunguliwa. Petroli ilipopungua, tangi likashindwa kuvuta hewa, na mashine ikakosa mafuta.

Afisa wa habari wa kaunti huandika tahadhari za bahari kila msimu wa kusi. Kuvutwa kwa kamba mbele ya watu wanaomjua si jambo la kujivunia. Tangu siku hiyo nimekaa na mafundi, nimesoma vitabu vya mashine hizi, na mjomba na mimi tumeifungua ile ya kwake mpaka ikaeleweka. Somo hili ni kwa mkazi yeyote mwenye mashine ndogo ya zamani, hasa zile za mipigo miwili ambazo bado zinafanya kazi nyingi katika visiwa vyetu.

Mashine ya aina hii ni rahisi kuliko ya gari. Haina oili ya kukaa chini ya injini. Oili yake huchanganywa na petroli. Ili iwake inahitaji mgandamizo, cheche na mafuta. Ili isife inahitaji maji ya kuipoza. Ukiyakagua kwa mpangilio huo, na ukabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, utajua ni kipi kilichotibu. Anayebadilisha plagi, kabureta na koili siku moja hajui alichokuwa akiumwa mgonjwa wake.

Kabla ya kuvuta kamba ya mashine iliyolala muda mrefu, toa plagi, tia oili kiasi cha kijiko katika kila silinda, iache ikae, kisha izungushe polepole kwa mkono. Ikigoma, usilazimishe, huenda ringi za pistoni zimeshikwa na kutu. Ikizunguka vizuri, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba na umwambie mwenzako avute kamba. Hewa inapaswa kukisukuma kidole kwa nguvu. Fundi mwenye geji atakupa jibu la uhakika. Kwa mashine ya silinda mbili, tofauti ya zaidi ya asilimia 15 kati ya silinda na silinda ni dalili mbaya, na hapo ni heri ujue kabla hujatumia pesa kununua vipuri vingine.

Cheche nayo ijaribiwe kabla hujaunganisha bomba la mafuta, kwa sababu mvuke wa petroli na cheche havipatani. Funga plagi mpya kwenye waya wake, igusishe chuma chake na bodi ya mashine, vuta kamba. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwa nyekundu na dhaifu, au haipo kabisa, anza na vitu vidogo: je, kile kipini cha kamba ya usalama kimewekwa mahali pake? Mashine zisizo na kosa lolote hupelekwa kwa fundi kwa sababu ya kipini hicho. Kisha tazama nyaya zilizoliwa na chumvi. Mashine za zamani zaidi zina pointi za kukatia umeme chini ya lile gurudumu zito la juu. Pointi hizo husafishwa, na nafasi yake katika mashine nyingi ni karibu milimita 0.5. Gurudumu lenyewe hutolewa kwa kifaa chake. Ukiligonga kwa nyundo utaharibu ekseli, na hapo kazi ya nusu saa itageuka kuwa ya mwezi mzima.

Sasa mafuta, na hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa mashine iliyowaka vizuri nchi kavu kisha ikazima baharini mara nyingi imeshindwa hapa.

Petroli iliyokaa miezi mingi huacha utando kama gundi. Mwaga yote, lakini si kwenye mikoko wala ufuoni. Itie kwenye dumu na umuulize fundi pa kuipeleka. Safisha tangi. Fungua kabureta, toa bakuli lake la chini na uoshe vitundu vyote kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usichokonoe jeti kwa waya wa chuma. Tundu lile limepimwa, na ukilipanua kidogo tu mashine itakunywea mafuta na kuchafua plagi kila wiki.

Fuata njia ya mafuta kutoka tangini. Bomba la mpira likikauka na kupasuka, huvuta hewa badala ya petroli hata kama halivuji tone. Pampu ya mkono iliyo katikati ya bomba ina mshale, na mshale huo uelekee kwenye mashine. Ukiibana mara kadhaa inapaswa kuwa ngumu. Isipokuwa ngumu, kuna hewa inaingia au vali yake imekufa. Mashine ikianza kufifia ukiwa majini, mwambie mwenzako aibane pampu. Ikipata nguvu tena, ujue kosa liko upande wa mafuta: pampu ndogo ya mashine yenyewe, bomba, chujio lililoziba, au ile skrubu yetu ya hewa. Mjomba ameipaka skrubu hiyo rangi nyekundu.

Kipimo cha oili ndicho kinacholeta ubishi mwingi gatini, na kila mtu ana hakika yake. Ukweli ni kwamba kinategemea mashine. Nyingi huhitaji 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Tangi la lita 20 huchukua mililita 400. Za zamani zaidi huhitaji 25 kwa 1, ambayo ni mara mbili ya hapo. British Seagull za mwanzo zilitengenezwa kwa 10 kwa 1, mililita 100 kwa lita, na moshi wake ulionekana kutoka mbali. Soma kibao cha mashine au kitabu chake, andika kipimo kwenye tangi kwa rangi, na utumie chupa yenye alama, si kifuniko cha soda. Oili ikiwa kidogo mno, pistoni huchubuka. Ikizidi mno, plagi huchafuka. Tafuta oili yenye maandishi TC-W3, ambayo ni ya mashine za mipigo miwili zinazopozwa kwa maji. Oili ya bodaboda ya mipigo minne haifai hata kwa dharura. Wala usichanganye mafuta ya taa ili kupunguza gharama. Zipo mashine zilizoundwa kuyatumia, na kitabu chake husema hivyo wazi, lakini ile ya petroli itapata moto kupita kiasi na kugonga.

Upande wa maji, adui wetu ni mchanga na tope. Anayepita Mkanda maji yakiwa yamepwa anajua rangi ya maji yanayorushwa na propela, na mashine inayanywa hayo hayo. Ndani ya mguu wake kuna impela, gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, linalosukuma maji hadi juu. Mpira huo hukauka na kujikunja hata kama mashine imelala tu. Kwa mashine ya zamani uliyoipata leo, badilisha impela bila kuuliza. Ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na silinda. Ukikuta bawa limekatika, tafuta vipande vyote, maana kilichobaki ndani kitaziba njia ya maji.

Usiiwashe mashine pakavu, hata kwa sekunde chache za kuonyesha rafiki. Itie mguu ndani ya pipa, maji yapite juu ya pampu, propela ikiwa imetolewa. Ikiwaka, uzi wa maji utoke nyuma yake. Usipotoka ndani ya nusu dakika, zima. Mara nyingine ni tundu tu la kutolea limeziba kwa chumvi, na kipande cha mshipi wa kuvulia hutosha kulizibua.

Oili ya gia hukaguliwa kwa kufungua skrubu ya chini. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimechoka. Oili mpya hujazwa kutoka tundu la chini hadi itokee la juu, ili hewa isibaki ndani. Anayejaza kutoka juu hudhani imejaa kumbe sivyo.

Hapo ndipo majaribio huanza, na hapa ndipo sisi tulipokosea. Funga boti gatini, iache mashine ifanye kazi kwa nusu saa, izime, iwashe tena ikiwa moto. Mashine nyingi zenye koili mbovu huwaka zikiwa baridi na kugoma zikipata moto. Siku ya pili zunguka karibu na gati maji yakiwa yanajaa, ili ukikwama mkondo ukurudishe ndani, usikutoe nje. Usibebe abiria mpaka mashine imalize safari kadhaa bila kuzima. Ndani ya boti kuwe na makasia mawili, nanga na kamba ya kutosha, plagi ya akiba na spana yake, pini ya propela, simu iliyofungwa vizuri kwenye mfuko wa plastiki, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, likiwa limevaliwa. Mashine ikizima kwenye mkondo, tupa nanga kwanza. Kutafuta kosa kuje baadaye, boti ikiwa imesimama.

Baada ya safari, iendeshe kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika 10. Najua maji hayo ni ya thamani hapa kwetu, lakini pipa moja hutumika mara kadhaa; yakianza kuwa na ladha ya chumvi, badilisha. Dakika za mwisho chomoa bomba la mafuta uiache izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Kisha ihifadhi ikiwa imesimama wima, maji yote yachuruzike kutoka mguuni.