Kufundisha Utafutaji wa Kasoro: Geji ya Mafuta ya Jenereta

Madhumuni ya somo hili ni kumwezesha mwanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi kutafuta kasoro kwa hoja, si kwa kubahatisha. Mfano wetu ni jenereta ndogo ya petroli ambayo geji yake ya umeme huonyesha tangi tupu hali mafuta yamo. Kasoro hiyo si ya mzaha: anayeiamini geji aweza kuongeza petroli hata ikafurika juu ya injini yenye moto.

Ndani ya tangi mna boya lililofungwa kwenye mkono wa waya. Mafuta yapungukapo boya hushuka, na mkono huteleza juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme. Katika aina moja iliyoenea ukinzani ni omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Katika nyingine, omu 10 kwa tupu na 180 kwa kujaa. Basi geji husoma mkondo wa umeme. Mafuta yenyewe haiyaoni. Mwalimu aiandike sentensi hiyo ubaoni na kuiacha kipindi chote.

Petroli isiingie darasani kamwe. Chukua beseni la maji, kizibo au kipande cha ndala kiwe boya, penseli laini iliyopasuliwa kwa urefu, betri mbili za tochi na glopu yake. Waya mmoja ufungwe kwenye ncha ya risasi ya penseli, juu ya maji. Wa pili ubebwe na mkono wa boya, uteleze juu ya risasi hiyo. Maji yakiongezwa, waya hizo hukaribiana na glopu hung'aa zaidi. Mwalimu ajaribu kwanza nyumbani, maana penseli ngumu hutoa mwanga hafifu mno.

Kisha atie kasoro kwa siri: alegeze waya, au alizamishe boya kwa kijiwe. Wanafunzi wasiguse kitu kabla ya kuuliza, je, maji yamo kweli? Wapime kwa kijiti. Maji yakiwamo, waunganishe waya mbili bila kupitia penseli. Glopu ikiwaka, betri na glopu ni nzima. Kasoro iko upande wa boya na penseli. Jaribio moja limeondoa nusu ya mashaka, na hapa ndipo pa kukawia.

Kwenye jenereta yenyewe jaribio hilo lisifanywe na wanafunzi, kwani waya ukigusa chuma karibu na tangi hutoa cheche. Fundi huizima, huiacha ipoe mahali pa wazi, huchomoa waya za kihisi na kupima omu. Mita isiposoma kitu, njia ya umeme imekatika; ikisoma kama tangi tupu hali limejaa, boya limetoboka na kuzama, au mkono umekwama chini.

Zoezi: mshale hukaa nusu daima, tangi lijae au liishe. Mwanafunzi ataje pa kuangalia kwanza. Ajibuye “boya limekwama” bila kueleza sababu apewe nusu ya alama.